Mafuta ya mkaratusi nyumbani: hesabu matone, mlinde mtoto

Kila mwaka baridi ya Juni ikiingia Nairobi, maswali ni yaleyale. Ninafanya kazi ya masaji Ngara, na wateja huniuliza wakiwa tayari wanafunga vifungo vya koti. Nitie matone mangapi kwenye maji ya kujifukiza? Naweza kumpaka mtoto wa miezi minane, pua imeziba na hawezi kunyonya? Ni kweli tone moja kwenye chai huondoa kikohozi? Nimejibu mmoja mmoja kwa miaka, na leo nayaandika yote mahali pamoja. Majibu mafupi ni haya: mawili, usizidishe matatu; hapana; hapana kabisa. Marefu yanafuata.

Majani ya mkaratusi wengi wetu tumeyajua tangu utotoni. Mti wenyewe asili yake ni Australia, ukaletwa Kenya mwaka 1902 ili kupata kuni za magarimoshi ya reli ya Uganda, na bibi zetu wakazoea kuchemsha majani yake nyumba ikishikwa na mafua. Mafuta ya chupa ni kitu kingine. Kilo 100 za majani mabichi hupitishwa kwenye mvuke zikatoa kilo moja au mbili hivi za mafuta. Sehemu kubwa ya mafuta hayo ni kiini kimoja kiitwacho sineoli, ambacho katika mafuta mazuri hufika asilimia 70 au zaidi. Kwa hiyo mtu anayesema "hata bibi alitumia na hakudhurika" anasema kweli kuhusu sufuria la majani. Kuhusu chupa, bibi hakuwa nayo.

Mafuta haya hukufanya uhisi pua imefunguka, hutuliza kichwa kizito cha mafua, na yakichanganywa vizuri huupa msuli uliochoka joto na ubaridi kwa pamoja. Mafua yenyewe hayaponi kwa harufu. Mwili ndio unaoyamaliza. Wala hayatibu nimonia, pumu au TB. Mwaka 2020, wakati wa Korona, watu wengi walijifukiza wakiamini mvuke unaua virusi ndani ya mapafu. Hauui, na waliochelewa kwenda hospitali kwa imani hiyo walijiongezea hatari.

Nani asiyatumie

Soma hapa kabla ya kutoa pesa mfukoni.

- Mtoto wa chini ya miaka 2. Usimpake, usimfukizie, usitie tone kwenye mto wala shali yake.
- Mtoto wa miaka 2 hadi 10. Usimpake usoni, puani wala karibu na pua, na kwa jambo lingine lolote muulize daktari kwanza.
- Mwenye kifafa, au mtoto aliyewahi kupata degedege.
- Mwenye pumu. Wengine huona nafuu, lakini wengine harufu kali hiyohiyo huwabana kifua, na huwezi kujua uko upande gani mpaka umebanwa.
- Mjamzito: uliza kliniki kabla. Anayenyonyesha asipake kifuani, maana pua ya mtoto iko hapo.
- Nyumba yenye paka. Ini la paka halina uwezo wa kuvunja viini hivi kama letu, na paka hulamba kila kinachodondokea manyoya yake.

Sasa yule mama wa mtoto wa miezi minane, maana swali lake ndilo linaloniumiza zaidi. Mtoto analia usiku kucha, na kila jirani wa ploti ana ushauri wake. Dada yangu, chupa hii iache. Nenda kemisti uombe matone ya maji ya chumvi ya pua ya watoto wachanga. Mtie tone moja au mawili kila tundu, subiri kidogo, kisha futa kamasi kwa kitambaa laini kabla ya kumnyonyesha. Mnyonyeshe mara nyingi, kidogo kidogo. Na ukiona anapumua haraka mno, mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, anakataa titi, au midomo inabadilika rangi, usisubiri kupambazuke. Mpeleke hospitali usiku huohuo.

Vitu vya kuwa navyo

- Chupa ndogo ya mafuta ya mkaratusi, mililita 10 inatosha nyumba nzima msimu wote
- Mafuta ya kuchanganyia: nazi, simsim au alizeti, yale ya kupikia safi yasiyo na harufu ya kuungua
- Kijiko cha chai
- Chupa ndogo ya kioo cheusi au cha kahawia, safi na kavu kabisa
- Kalamu na kipande cha karatasi cha kubandika
- Bakuli zito lenye kitako kipana, na taulo
- Tishu au kitambaa cha mkono
- Kabati la juu linalofungwa kwa kufuli

Kufuli si mapambo ya orodha. Kama huna mahali pa kuyafungia na nyumbani kuna mtoto anayetambaa, usinunue.

Kuhusu kununua. Lebo iwe na jina la mti kwa Kilatini, Eucalyptus globulus au Eucalyptus radiata kwa mfano, tarehe ya kuisha muda, namba ya toleo na jina la aliyetengeneza. Jina Corymbia citriodora ni mkaratusi wa harufu ya limau, mti wa jamaa hiyo wenye mafuta ya aina nyingine, si ya kufungulia pua. Neno "manukato" au "harufu ya mkaratusi" maana yake mara nyingi ni marashi ya kiwandani. Weka kwenye choo ukitaka, si mwilini. Nimewahi kuuziwa katika duka moja mjini mafuta yaliyomiminwa kwenye chupa ya plastiki iliyokuwa ya dawa ya kikohozi, bila lebo. Niliyamwaga. Mafuta haya hula plastiki laini, na chupa inayofanana na ya dawa ya kunywa ndani ya nyumba yenye watoto ni ajali inayosubiri siku yake.

Ukifika nyumbani, dondosha tone moja kwenye karatasi nyeupe na uliache hadi kesho. Mafuta halisi huruka yote au karibu yote. Likibaki doa la grisi kama la mandazi, yamechanganywa na mafuta ya kupikia.

Hatua: anza na tishu

Watu hukimbilia mvuke kwa sababu ndio waliouzoea. Mimi humwanzisha kila mtu na tishu, kwa sababu haichomi na ukiona vibaya unaitupa.

1. Fungua dirisha kidogo. Hata kama ni Julai.

2. Dondosha tone moja kwenye tishu. Moja. Ukubwa wa tone hutofautiana kulingana na mdomo wa chupa, ila kwa makadirio matone 20 ni mililita moja.

3. Ishike umbali wa shubiri moja kutoka puani, vuta pumzi mara tatu au nne za kawaida, kisha iweke mbali.

4. Subiri nusu saa. Kama hukukohoa, kifua hakikubana, na kichwa hakikuuma, mwili wako unayapokea. Siku nyingine unaweza kutumia matone mawili.

5. Tishu iliyotumika ifunge kwenye mfuko na uitupe mahali ambapo mtoto hafiki. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa macho.

Kosa la kawaida hapa ni kubeba tishu hiyo ndani ya matatu. Aliyekaa karibu nawe anaweza kuwa na pumu, na ndani ya Thika Road saa kumi na mbili jioni hana pa kushukia. Tumia kabla ya kupanda.

Hatua: kujifukiza kwa mtu mzima

Hapa ndipo watu wanapoungua. Mtindo wa kuweka sufuria sakafuni katikati ya miguu, ukakaa kwenye kistuli na kujifunika blanketi zito, ni hatari mno: sufuria likiinama, maji yote yanaishia mapajani na sehemu za siri. Kwa mwinuko wa Nairobi maji huchemka yakiwa nyuzi 94 hivi badala ya 100. Yaani bado yanababua ngozi mara moja.

6. Watoto watoke chumbani, na mlango ufungwe. Mtoto asijifukize pamoja nawe ndani ya blanketi, hata kama umemshika.

7. Chemsha lita moja ya maji, yamimine kwenye bakuli zito lililokaa mezani likiwa limeegemezwa ukutani. Usijifukizie juu ya jiko linalowaka. Acha maji yapoe kama dakika tano.

8. Tia matone mawili. Mafuta hayayeyuki kwenye maji, yataelea juu na kuruka kwa nguvu dakika ya kwanza, kwa hiyo usiinamie papo hapo. Ukitia kumi, mvuke utakuchoma macho na koo, na pua haitafunguka zaidi.

9. Funga macho. Ukiwa na lenzi za macho, zitoe. Miwani pia.

10. Weka taulo begani na kichwani ukiacha nafasi pembeni ya hewa kuingia. Uso uwe umbali wa urefu wa mkono hadi kiwiko. Ukihisi joto linauma, uko karibu mno.

11. Vuta pumzi taratibu kwa dakika tano, na kamwe usipite kumi. Toka mapema ukihisi kizunguzungu.

12. Maji yamwage mara moja. Usiyaache mezani ukienda kupumzika.

Mara moja au mbili kwa siku yatosha, kwa siku mbili tatu. Ukipenda majani badala ya mafuta, konzi moja kwenye sufuria inafaa na ni ya upole zaidi, lakini yale ya miti ya kando ya barabara yana vumbi na moshi wa magari; yaoshe vizuri. Na ukitumia majani, mafuta usiongeze.

Neno la makaa, ambalo silirukii. Ukiwa kwenye bedsita na umefunga dirisha kwa ajili ya baridi, jiko la makaa la kuchemshia maji hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na harufu ya mkaratusi itakupa imani kwamba hewa ni safi. Jiko libaki nje. Wala usidondoshe mafuta haya juu ya makaa, stovu au mshumaa. Yakipata joto la nyuzi 50 hivi, mvuke wake huweza kushika moto.

Hatua: mchanganyiko wa kupaka

Mwaka wangu wa kwanza kazini, mteja alinisihi nimpake mgongoni yakiwa makali hivyohivyo, akidai ya kuchanganywa hayamfiki. Nilikubali. Ngozi yake ilikuwa nyekundu na kuwasha kwa siku mbili, na nilimpigia simu kila asubuhi na jioni hadi ilipotulia. Tangu siku hiyo hakuna anayenishawishi.

13. Pima vijiko sita vya chai vya mafuta ya nazi au simsim, ndiyo mililita 30, utie kwenye chupa ya kioo. Nazi ikiwa imeganda kwa baridi, simamisha chupa kwenye maji ya uvuguvugu.

14. Ongeza matone 6 ya mkaratusi. Hiyo ni kama asilimia moja. Kanuni ya kukumbuka: kijiko kimoja, tone moja. Mtu mzima mwenye ngozi isiyosumbua anaweza baadaye kufika matone 12, asivuke hapo.

15. Tikisa, kisha bandika karatasi: jina, tarehe, na maneno HAINYWEKI, KUPAKA TU kwa herufi kubwa. Mwandikie hata asiyekuwepo ulipochanganya.

16. Jaribu. Paka kiasi cha punje ya harage ndani ya mkono, chini kidogo ya kiwiko, na usiguse saa 24. Pakiwasha, pakivimba au pakiwa pekundu, haya si yako.

17. Ukipita jaribio, paka mgongoni, mabegani au miguuni penye uchovu, sugua hadi yaingie, nawa mikono.

Usipake kwenye kidonda, ngozi iliyonyolewa muda huohuo, puani, machoni wala sehemu za siri. Usipake kisha ukajifunika chupa ya maji moto. Joto husukuma mafuta ndani na kuchoma ngozi. Na usitie matone moja kwa moja kwenye beseni la kuoga. Yataelea na kukushika mwilini yakiwa makali vilevile.

Difyuza, kile kichombo cha stima kinachotoa ukungu, haina mengi. Matone matatu kwa maji ya mililita 100, dirisha wazi kidogo, dakika 15 hadi 20, kisha zima. Usilale nayo. Chumba cha futi kumi kwa kumi hujaa harufu upesi, na ukishaizoea huisikii tena ingawa bado unaivuta.

Kunywa

Tone kwenye chai, kwenye asali, kwenye kijiko cha sukari: usifanye. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta haya kimewahi kumtia mtoto katika hali mahututi. Watu wanaosema "mbona kuna peremende na dawa za kikohozi zenye mkaratusi" wasome lebo zake. Kiasi kilichomo kimepimwa kiwandani na ni kidogo sana. Wewe na chupa yako jikoni huna mizani hiyo.

Yakienda kombo

*Mtoto au mtu mzima ameyanywa.* Usimtapishe. Usimpe maziwa wala mafuta. Mafuta haya yakirudi juu huingia kwenye mapafu kwa urahisi, na hapo tatizo huwa mawili. Mfute mdomo, chukua chupa yenyewe, nenda hospitali iliyo karibu au piga 999 au 112. Nenda hata kama anacheza vizuri. Mdomo kuungua, kutapika, kulegea, usingizi wa ghafla na degedege vinaweza kuanza ndani ya dakika chache au baada ya saa kadhaa. Akilegea au akipoteza fahamu njiani, mlaze ubavu.

*Yameingia jichoni.* Suuza kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, huku kope ukizishikilia wazi. Kama mfereji umekauka siku hiyo, tumia maji ya kunywa na kikombe. Uchungu au ukungu ukibaki, nenda ukaonwe.

*Ngozi inawaka.* Usianze na maji, maana hayaondoi mafuta. Futa kwanza kwa mafuta ya kupikia na kitambaa, kisha osha kwa sabuni na maji. Malengelenge yakitokea, daktari.

*Kifua kimebana baada ya kuvuta.* Toka nje kwenye hewa, kaa wima, tumia pampu yako kama una pumu. Kisipofunguka upesi, hospitali. Chupa mpe mtu mwingine.

*Kichwa kinauma kila nikitumia.* Umetia matone mengi au chumba hakina hewa. Punguza nusu, fungua dirisha. Kikiendelea, acha.

*Siisikii harufu.* Pua imeziba kabisa au imeshazoea. Usiongeze matone. Subiri saa kadhaa.

*Yamebadilika, yananuka kama rangi ya ukutani, au yamekuwa mazito.* Yameharibika kwa hewa na mwanga, na mafuta yaliyoharibika huwasha ngozi zaidi ya mapya. Usipake. Ukiwa na gundi sugu ya lebo kwenye chupa za kioo, yatumie kuisugulia, kisha osha vizuri. Mengine yafunge yalivyo uyatupe. Usiyamwage kwenye sinki. Chupa mpya andika tarehe uliyoifungua, ifunge kwa nguvu, iweke mbali na dirisha na jiko. Ichukulie kama mafuta ya taa: hakuna anayestahili kuyakuta kwenye chupa ya soda.

*Nimejifukiza siku tatu na bado.* Homa kali inayopita siku tatu, kukosa pumzi, maumivu ya kifua au makohozi yenye damu hayangoji. Kikohozi kikifika wiki mbili, nenda ukapimwe TB. Katika vituo vya afya vya serikali vipimo na dawa zake ni bure. Mwambie anayekupima kwamba umekuwa ukijifukiza, kwa matone mangapi na kwa siku ngapi.